Upo Tayari kwa Maafa? Mwongozo Kamili wa Kujipima na Kujiandaa kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Dar es Salaam

Uliza darasa lolote la mwaka wa pili maana ya neno maafa, utajibiwa kwa pamoja kama wimbo wa taifa. Uliza darasa hilohilo klorini ya asilimia 0.5 inatengenezwaje kutoka kwenye chupa ya Jik, nusu yao wanatazama dari. Ninafundisha uuguzi hapa mjini, na kila mwaka nakutana na pengo hilohilo. Wanafunzi wetu wanajua maneno ya maafa, lakini mikono yao haijawahi kuyagusa.

Nisijitoe. Nilikuwa mwanafunzi, zamu ya usiku, hospitali ambayo sitaitaja, daladala likapinduka karibu nasi. Walianza kuingia kwa bajaji na kwa gari za wasamaria, wakafika kumi na saba. Kabati la glovu lilikuwa limefungwa na ufunguo alikuwa nao inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, ambaye alishaenda kwake. Tukavaa mifuko ya rambo mikononi, ile ya plastiki iliyokuja kupigwa marufuku mwaka 2019. Mimi nilimkimbilia baba mmoja aliyekuwa anapiga mayowe, mguu umechanika, nikamsafisha, nikamfunga vizuri kabisa kama ninafanya mtihani. Aliyemwona kijana aliyeketi chini ameegemea ukuta ni mama mfagizi. Alinigusa bega kwa mpini wa ufagio: "Sista, huyu mbona kimya?" Midomo ilishabadilika rangi.

Kijana alipona, kwa kazi ya daktari na mama yule, si yangu. Hatua saba zinazofuata nimezipanga kwa kumkumbuka. Zifuate kwa mpangilio, ila utaona hatua ya nne na ya tano zimebeba mzigo mkubwa, na ndivyo ilivyo hata kazini.

Hatua ya 1: Jipime kwa mikono, si kwa dodoso

Ukisoma tafiti za utayari wa wanafunzi wa uuguzi, nyingi zimetumia dodoso. Unaulizwa: una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kufanya triaji, yaani kuchuja majeruhi? Unachagua namba kutoka 1 hadi 5. Mimi naona dodoso la namna hiyo linapima ujasiri. Mwenye ujasiri mwingi na mazoezi sifuri anapata alama nzuri, na huyo ndiye wa kumwogopa usiku wa ajali.

Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa mwongozo wa umahiri wa uuguzi wakati wa maafa mwaka 2009, likauhuisha mwaka 2019. Umepanga mambo katika maeneo manane: maandalizi, mawasiliano, mfumo wa uongozi wa tukio, usalama, tathmini, huduma, urejeshaji hali, na sheria na maadili. Una ngazi tatu, na ngazi ya kwanza ni ya kila muuguzi aliyemaliza mafunzo ya msingi. Maana yake ukishavishwa kofia, unatarajiwa kuiweza. Hakuna kusubiri kozi maalumu.

Basi chukua saa ya simu na mwenzako mmoja awe msimamizi. Fanya haya bila kufungua daftari:

- Tengeneza lita 7 za klorini ya asilimia 0.5 kutoka Jik ya asilimia 3.5. Dakika 3.
- Panga kadi sita za majeruhi (zipo hatua ya 4). Dakika 3.
- Zuia damu inayoruka kwenye paja la mwenzako kwa khanga na kijiti, bila kifaa kingine. Dakika 1.
- Hesabu dripu ya mgonjwa wa kipindupindu mwenye kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa. Dakika 2.
- Kadiria eneo lililoungua: mkono mzima wa kulia na mbele yote ya kiwiliwili. Sekunde 30.
- Piga simu ya kuigiza kwa daktari wa zamu ukieleza tukio. Sekunde 45, usirudie neno.
- Taja namba za dharura: zimamoto, polisi, kituo cha simu cha Wizara ya Afya.

Majibu ya haraka: klorini ni sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 6 za maji, kwa hiyo lita 1 kwa lita 6. Soma lebo kwanza, maana si kila chupa sokoni ina asilimia 3.5. Ngozi iliyoungua ni asilimia 27, yaani 9 ya mkono na 18 ya mbele ya kiwiliwili. Namba ni 114, 112 na 199. Mengine yanakuja.

Andika muda wako na ulipokosea. Usijipe asilimia. Andika tu "sijui kukunja khanga" kama hujui. Karatasi hiyo itunze, tutarudi kwake.

Hatua ya 2: Lijue jiji kwa majanga yake

Wanafunzi hukariri matetemeko na volkano kwa sababu yamo kwenye kitabu. Sawa, lakini mtu wa Dar ataletewa nini?

Mafuriko kwanza. Bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo, Tandale: mvua ya masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Yale ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya familia nyingi zihamishiwe Mabwepande. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa viwango: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Vijifunze kama unavyojifunza dalili hatarishi za mjamzito. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mapema Mei 2024, waliofuatilia taarifa hizo walijua kabla boti za Zanzibar hazijasimamishwa.

Majengo kuporomoka. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa kumi na kitu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, Jumamosi asubuhi, na waliofariki walizidi 20.

Milipuko. Ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, watu 11 walikufa hapa Dar. Mabomu ya Mbagala, 29 Aprili 2009. Gongo la Mboto, 16 Februari 2011. Haya mawili ya ghala za jeshi yana somo ambalo halimo kwenye vitabu vingi: watu walikimbia usiku na mchana, na watoto wengi wakapotezana na wazazi. Kwa hiyo muuguzi anaweza kupokea mtoto mzima kabisa, hana hata mchubuko, lakini hajui anaitwa nani wa ukoo gani. Huyo naye ni mgonjwa wako.

Lori la mafuta. Lililolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 liliua watu zaidi ya 100. Majeruhi wa hali mbaya waliletwa Muhimbili, wengine kwa helikopta. Tukio la mkoa wa jirani ni tukio lako pia, kwa sababu rufaa zinaishia hapa.

Na magonjwa ya mlipuko. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima. Wengi hawaliiti hili maafa kwa kuwa halina kishindo, lakini kwa muuguzi ndilo linalochosha kuliko yote. Mlipuko wa bomu unaisha jioni. Kambi ya kipindupindu inadumu miezi.

Kazi yako katika hatua hii: chora ramani ya kata unayoishi au unayofanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Weka alama kwenye mto, kituo cha mafuta, soko, jengo linalojengwa, zahanati, na barabara itakayokatika mvua ikinyesha. Njia unayopita kila siku kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala inaweza isipitike siku unayohitajika.

Hatua ya 3: Uliza ufunguo uko kwa nani

Siku ya kwanza ya fildi wanafunzi huulizia chumba cha kubadilishia nguo na pa kula. Ongeza maswali haya kwa inchaji, kwa adabu, ukisimama wima:

"Shikamoo Sista. Samahani, naomba kujua mpango wa maafa wa hospitali unatunzwa wapi?" Kisha: nani anatangaza kwamba sasa ni dharura ya wengi? Wagonjwa wa ziada wanalazwa wapi, kwenye korido ipi, kwenye ukumbi upi? Kabati la akiba la glovu, dripu na bandeji liko wapi, na usiku ufunguo uko kwa nani? Mtungi wa oksijeni wa akiba uko wapi na spana yake je?

Spana. Nimeshuhudia mtungi umejaa na watu watatu wakitafuta spana. Ikamate siku moja, fungua na ufunge mtungi mwenyewe.

Wapo mainchaji watakaokuona unajifanya mjuaji. Vumilia. Wengi watafurahi, na mmoja au wawili watagundua kwamba hata wao hawajui majibu, halafu watayatafuta.

Hatua ya 4: Triaji

Hapa ndipo pa kukaa. Triaji ni kuchuja majeruhi ili mwenye nafasi ya kuokolewa aokolewe kwanza. Kwenye wodi umefundishwa kumpa kila mgonjwa kila kitu, na kwenye maafa unampa kila mmoja chini ya dakika moja kisha unamwacha. Kumwacha ndiko kunakoshinda watu.

Njia rahisi kujifunza ni ile iliyobuniwa California miaka ya 1980 na inayotumika sehemu nyingi duniani. Rangi zake ni nne: nyekundu ni wa kuhudumiwa kwanza, njano anaweza kungoja, kijani ana majeraha madogo, nyeusi amekufa au hana nafasi ya kuokolewa. Inakwenda hivi:

Kwanza piga sauti: "Anayeweza kutembea aje upande huu!" Wote watakaokuja ni kijani. Usiwapime sasa, ila waweke na mtu mmoja wa kuwaangalia.

Kwa waliobaki, anza na aliye karibu nawe. Anapumua? Kama hapumui, inua kidevu ufungue njia ya hewa. Bado hapumui: nyeusi, songa mbele. Pumzi imerudi: nyekundu.

Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Nyekundu.

Hazidi 30: shika kifundo cha mkono. Mapigo hayapo, au ukibonyeza ukucha unabaki mweupe zaidi ya sekunde 2: nyekundu. Kama damu inamwagika, mwambie aliye karibu abonyeze jeraha, hata kama ni konda wa daladala.

Mapigo yapo: mpe amri nyepesi. "Nibane kidole. Fumba macho, fumbua." Hafuati: nyekundu. Anafuata: njano.

Basi. Kwa watoto wadogo kuna tofauti mbili za kushika: mtoto asiyepumua lakini ana mapigo mpulizie pumzi 5 kabla ya kumpa rangi nyeusi, na kiwango cha hatari cha upumuaji ni chini ya 15 au zaidi ya 45 kwa dakika.

Sasa kadi zako. Ziandike kwenye vipande vya boksi, zichanganye.

Kadi ya 1: Baba, paja limevunjika, anapiga kelele, pumzi 24, mapigo yapo, anafuata amri.
Kadi ya 2: Mama, uso umejaa damu, amekuja akitembea na kumshika mtoto mkono.
Kadi ya 3: Kijana kimya, hapumui, umeinua kidevu pumzi imerudi.
Kadi ya 4: Mzee, hana jeraha linaloonekana, pumzi 36.
Kadi ya 5: Msichana, hapumui, umeinua kidevu, bado.
Kadi ya 6: Dada, pumzi 20, mapigo yapo, anakutazama tu hata ukimwambia akubane kidole.

Majibu: njano, kijani, nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyekundu.

Darasani kwangu kadi zinazoangusha watu ni mbili. Ya kwanza wanaipa nyekundu kwa sababu ya kelele. Anayepiga kelele ana hewa ya kupigia kelele, anaweza kukungoja dakika tano. Na kwenye ya tano wanakwama, mwanafunzi anaanza kubonyeza kifua kwenye boksi. Simcheki. Nasubiri, kisha namwonyesha saa na kadi nne alizoziacha mezani.

Mambo mawili ambayo kadi hazikufundishi. La kwanza, Dar gari la wagonjwa ni bodaboda. Wenye majeraha madogo ndio wanaowahi, wanakaa kwenye vitanda vyote, halafu dakika ishirini baadaye wanaletwa waliobanwa na hakuna pa kuwalaza. Anayepokea mlangoni lazima awe na roho ngumu ya kusema "wewe kaka, nenda ukakae kwenye benchi la nje" kwa mtu anayevuja damu kichwani. La pili, rangi si ya kudumu. Kijani wa saa nne anaweza kuwa nyekundu saa nne na nusu, tumbo limejaa damu kimyakimya. Rudia kuwapima.

Usipokuwa na vitambulisho vya rangi, fundi cherehani yeyote atakupa vipande vya kitambaa bure. Funga mkononi. Kalamu ya wino haiandiki kwenye ngozi yenye jasho, tafuta maka pen.

Hatua ya 5: Stadi zitakazokutoa jasho

*Damu.* Bonyeza kwa mikono miwili, uzito wote wa mwili, dakika 10 bila kuchungulia. Wanafunzi huchungulia kila nusu dakika kama wanaoivisha maandazi. Ikiwa ni mguu au mkono na damu bado inaruka, kunja khanga iwe utepe wenye upana wa vidole viwili au vitatu, funga juu ya jeraha kwa sentimita 5 hivi, si kwenye kiungo, weka kijiti kwenye fundo, zungusha mpaka damu isimame. Itauma sana, mwambie hivyo. Andika saa. Ukishafunga, wewe mwanafunzi usifungue.

*Kuungua.* Maji safi yanayotiririka, dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Ndugu watakuja na dawa ya meno na mayai, wakatalie kwa upole lakini wakatalie. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake, kipimo cha bure.

*Kifusi.* Kule Kariakoo waokoaji walipitisha maji, glukosi na oksijeni kwa walionaswa chini. Kuna jambo la kitabibu hapo ambalo kila mwanafunzi alijue. Misuli iliyobanwa kwa saa kadhaa inakufa na kukusanya potasiamu na sumu nyingine. Ukiinua nondo ghafla, damu inarudi, inabeba ile potasiamu hadi kwenye moyo, na mtu aliyekuwa anazungumza nawe anakufa mbele yako akiwa "ameokolewa". Kwa hiyo dripu inaanza kabla hajatolewa, kwa amri ya daktari, na inakuwa ya nomo salaini, yaani maji ya chumvi. Si Ringa, ile dripu nyingine ya kawaida wodini, kwa sababu Ringa ina potasiamu ndani yake. Kazi yako ni kuuliza swali moja kwa sauti: "Amebanwa tangu saa ngapi?" Na kuandika jibu.

*Kipindupindu.* Hapa Ringa ndiyo inayotakiwa. Uone ilivyo: chupa hiyohiyo, huku inaua na huku inaokoa, na mtihani wa kuchagua herufi haukukutanishi nazo siku moja.

Mgonjwa aliyeishiwa maji kabisa anapewa mililita 100 kwa kila kilo. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji lita 6 ndani ya saa 3: mililita 1,800 kwa nusu saa ya kwanza, na 4,200 kwa saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapewa kiasi kilekile kwa kilo, lakini taratibu: mililita 30 kwa kila kilo saa ya kwanza, na 70 kwa kila kilo saa tano zinazofuata.

Sasa fanya hesabu ya matone kama ulivyofundishwa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ile nusu saa ya kwanza inakupa matone 1,200 kwa dakika. Nimeona mwanafunzi bora wa darasa amesimama na kikokotoo akidhani amekosea. Hakukosea. Ni kwamba huhesabu matone hapa, unafungua yote. Kanula (mrija wa kuingiza dripu kwenye mshipa) kubwa, mikono yote miwili, chupa juu kabisa, na mtu wa kubadilisha chupa asiondoke. Akianza kumeza, anza ORS, yale maji ya kunywa ya chumvi na sukari, palepale huku dripu ikiendelea.

Kuhusu klorini kambini: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na vitanda, 2 kwa matapishi, kinyesi na miili. Kutoka 0.5 kwenda 0.05 ni sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Andika kwenye ndoo kwa herufi kubwa, maana zote zinafanana, na mtu akinawa kwa ya asilimia 2 atajua mwenyewe.

*Simu.* Sema mambo sita kwa mfuatano: upo wapi, nini kimetokea, kuna hatari gani bado, njia ipi inapitika, majeruhi wangapi na wa rangi zipi, nani ameshafika. Mfano: "Ni mtaa wa soko, jengo limeporomoka, upande wa kulia bado unadondoka, ingieni kwa barabara kubwa, wekundu wanne, njano sita, kijani wengi, zimamoto wamefika." Hapo umemaliza. Kata simu uwaachie laini.

Hatua ya 6: Andaeni zoezi chuoni

Usingoje chuo kipate fedha za mwanasesere wa kisasa. Zoezi la watu 20 linagharimu pungufu ya chakula cha mahafali.

Kumi wawe majeruhi, sita wauguzi, wawili waangalizi wenye saa, mmoja ndugu wa mgonjwa, mmoja kiongozi anayekuja na wapiga picha. Huyu wa mwisho msimwache, kwa sababu siku ya siku atakuja kweli, na lazima mmoja wenu ajue kumpokea kwa heshima bila kumruhusu kukanyaga majeruhi. Ndugu wa mgonjwa apewe simu ya kurekodi na maagizo ya kupiga kelele mfululizo.

Damu ni rozela iliyochemshwa ikawa nzito, na unga kidogo wa muhogo ili ishike. Haitoki kwenye sare nyeupe, vaeni nguo kuukuu. Kila majeruhi awe na kadi chini ya shati: pumzi ngapi, mapigo yapo au hapana, anafuata amri au hapana. Mmoja wa kijani awe na bahasha ya pili: "Dakika ya 10, anguka, pumzi 38." Waangalizi waandike nani alimwona na baada ya muda gani. Mara ya kwanza kwa kawaida hakuna anayemwona.

Dakika ya 15 zimeni taa. Umeme hukatika.

Mkimaliza, kaeni kwenye duara dakika 20. Kila mtu aseme aliona nini, asiseme nani alikosea. Majeruhi waanze, kwa sababu wao wanajua nani alipita mbele yao mara tatu bila kuwagusa. Hesabuni vitu vitatu tu: muda hadi majeruhi wa mwisho apate rangi, wekundu wangapi waliitwa kijani au njano, na kijani wangapi waliitwa wekundu. Kosa la kwanza linaua, la pili linamaliza vitanda.

Mkitaka kwenda mbali zaidi, Msalaba Mwekundu Tanzania hupokea wanaojitolea, na kikosi cha zimamoto kilicho karibu nanyi kiandikieni barua rasmi kupitia mkuu wa chuo.

Hatua ya 7: Mipaka yako, nyumbani kwako, kichwa chako

Mipaka ni mifupi. Wewe hujasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa hiyo unafanya kazi chini ya msimamizi, hata jiji likiwaka. Huduma ya kwanza mtaani unaweza kama raia mwingine yeyote. Dawa na dripu, chini ya msimamizi. Na usipige picha. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, itafute uisome sehemu ya kamati za mkoa, wilaya na kijiji au mtaa ili ujue nani anaongoza nani.

Nyumbani: muuguzi ambaye hajui mwanawe yuko wapi hafanyi kazi, anahesabu dakika. Kubaliana na watu wako mahali pa kukutania, na ndugu mmoja wa mkoani ambaye kila mtu atampigia. Weka begi dogo: viatu vya kufunika vidole, tochi, glovu jozi tano, maka pen, maji, nakala ya kitambulisho cha chuo, chaji.

Kuhusu kichwa. Kwa majeruhi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Huhitaji kumfanya mtu asimulie. Mpe maji, khanga, jina lako, na umuunganishe na nduguye. Kwako mwenyewe, usingizi unaweza kukataa siku kadhaa na harufu ikakufuata hadi kwenye sahani ya chakula. Hilo hutokea kwa watu wazima waliozoea. Zikipita wiki nne hali haijatulia, nenda kwa mshauri. Zungumza na mwenzako wa zamu ile kabla ya kuzungumza na mtandao.

Sasa irudie ile karatasi ya hatua ya 1. Jipime tena mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, kazi zilezile, saa ileile, na safari hii mpe saa mwenzako asiyekuonea huruma. Kama bado "sijui kukunja khanga" imo kwenye orodha, chukua khanga usiku huu na mguu wa meza.